SGR mpaka boti ya Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Dodoma, na ukweni kwangu ni Unguja. Tangu treni ya SGR ianze kufika kwetu, Julai 2024, majirani, wafanyakazi wenzangu na ndugu wa mke wangu wananiuliza maswali yale yale kila wanapotaka kuvuka: niondoke saa ngapi, boti ipi, nikichelewa inakuwaje. Nimeyaweka pamoja hapa. Mengi yanamhusu msafiri wa Dodoma na Morogoro. Wanaotoka mbali zaidi, wanaoelekea Pemba na wanaofuata meli Mombasa waangalie sehemu ya mwisho.

## Mambo ya mwanzo

Kweli mtu anaweza kuamka Dodoma na kulala Unguja siku hiyohiyo?

Anaweza, bila kukimbizana. Treni kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam huchukua kama masaa matatu na nusu, zaidi kidogo ikiwa ni ile inayosimama vituo vingi. Kutoka Morogoro ni chini ya masaa mawili. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Malindi, Unguja, ni takriban masaa mawili. Zamani basi peke yake lilikula siku nzima, halafu likakushusha Mbezi wakati boti ya mwisho imeshang'oa nanga. Ulikuwa lazima utafute pa kulala Dar.

Safari yenyewe imekuwa rahisi. Watu wanakwama pale katikati, kati ya kushuka kwenye behewa na kupita mlango wa bandari, na ndiyo maana maswali mengi hapa chini yanahusu kipande hicho kidogo.

Stesheni ya Dar na boti za Zanzibar ziko mbali kiasi gani?

Ni karibu. Ukitoka stesheni ukafuata Barabara ya Sokoine kuelekea Posta, bandari ikiwa upande wako wa kulia, ni mwendo wa robo saa hadi dakika 20 kwa mtu mwenye begi moja la mgongoni. Alama yako ni Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile la Wakatoliki lenye mnara mrefu uliochongoka, lililojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukiliona kushoto, angalia ng'ambo ya barabara: hapo ndipo ofisi za boti na mlango wa abiria. Ukifika Azania Front, kanisa la Walutheri lenye mapaa ya vigae vyekundu, ujue umepitiliza.

Nishuke Pugu au niende mpaka mwisho?

Nenda mpaka mwisho. Pugu inamfaa anayekaa Gongo la Mboto, Ukonga au Chanika. Kwa msafiri wa boti, kushuka Pugu ni kununua foleni ya Barabara ya Nyerere kwa hela yako mwenyewe.

Nasikia "Magufuli". Ni stesheni au stendi?

Vyote viwili vipo, na ndugu zangu wawili wamewahi kupishana kwa sababu ya jina hilo. Stesheni ya Magufuli ni ya treni ya SGR, ipo katikati ya jiji, karibu na bandari. Stendi ya Magufuli ni ya mabasi ya mikoani, ipo Mbezi Luis, nje kabisa ya mji kwenye Barabara ya Morogoro. Kama kuna mtu anakuja kukupokea, mwambie "stesheni ya treni, mjini". Usiseme "Magufuli" tu.

Na kwa wa Morogoro: treni ya SGR inapandiwa Kihonda. Usiende stesheni ya zamani.

Nauli ikoje?

Nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mwaka 2024 kwa treni ya kawaida ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima kutoka Dodoma hadi Dar, na 13,000 kutoka Morogoro. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na walio chini ya miaka 4 hawalipi. Treni ya haraka na madaraja ya juu ni ghali zaidi. Boti ina bei ya mkazi na bei ya mgeni, na tofauti ni kubwa, kwa hiyo Mtanzania asiende dirishani bila kitambulisho (tazama swali la vitambulisho).

## Kupanga muda

Niache muda gani kati ya treni kufika na boti kuondoka?

Masaa matatu kwa ratiba. Yaani kama boti yako inaondoka saa 10 jioni, treni yako iwe imepangiwa kufika Dar si zaidi ya saa 7 mchana.

Hesabu yake ni hii. Kutoka kwenye behewa hadi barabarani, treni ikiwa imejaa, ni kama dakika 20. Watu wanashusha mabegi, ngazi za umeme zina msongamano, na nje wote wanataka usafiri kwa wakati mmoja. Kutoka hapo hadi bandarini weka dakika 20 nyingine hata kama unapanda bajaji. Bandarini uwe umefika saa moja kabla ya boti, kwa sababu kuna ukaguzi wa tiketi, mashine ya mizigo na foleni ya kuingia, na mlango hufungwa kabla ya muda ulioandikwa. Hapo umeshatumia saa moja na dakika 40. Inayobaki, saa moja na dakika 20, ni ya treni kuchelewa. Isipochelewa, utakaa kivulini unywe maji, uswali au umpigie simu anayekungoja Malindi.

Mbona treni inafika kwa wakati? Kwa nini nisiache saa moja?

Kwa kawaida inafika kwa wakati, na namshukuru kila aliyeifanya hivyo. Ila treni ya umeme ikisimama, inasimama. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilikwama njiani kama masaa mawili kwa hitilafu ya umeme. TRC, shirika la reli, ikaeleza kuwa ngedere na bundi waligusa nyaya. Reli inapita porini na milimani, Kidete na Kilosa huko, ambako mvua kubwa zimekuwa zikiisumbua hata ile reli ya zamani miaka nenda rudi.

Naomba nieleze kwa nini nalisisitiza hili. Baba mdogo wa mke wangu alifariki Unguja usiku. Maziko yalipangwa baada ya swala ya alasiri, na kwetu maiti haisubirishwi. Nilikata treni ya kufika Dar saa moja na dakika 10 kabla ya boti, nikaona inatosha. Treni ilichelewa dakika 25 tu. Nikakimbia na begi kichwani, nikafika mlangoni mlinzi ameshaurudisha mnyororo. Boti ilikuwa bado imefungwa gatini, naiona, watu wanapunga mikono juu. Mlinzi hakuwa na kosa. Muda ulikuwa umepita. Nilifika Unguja jua limeshazama. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, akaniangalia bila kusema neno. Kaburi niliona kesho yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia saa moja inatosha, siwezi kumkubalia.

Nipange boti ipi ya siku?

Yoyote isipokuwa ya mwisho. Boti za Azam, ambazo wengi huziita boti za Kilimanjaro, kwa muda mrefu zimekuwa zikiondoka Dar mara nne kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 3:30 asubuhi, saa 6:30 mchana na karibu saa 10 jioni. Kampuni nyingine, kama Zan Fast Ferries, zina ratiba zake. Hizi saa hubadilika, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa.

Ukipanga ya saa 6:30 mchana, ya jioni inabaki kuwa akiba yako. Ukipanga ya jioni, akiba yako ni nyumba ya wageni Kariakoo. Wenzangu wengi wa Dodoma huchukua treni ya mapema iwezekanavyo kwa sababu hiyo.

Boti ya saa 1 asubuhi iacheni, labda uwe umelala Dar.

Tiketi imeandikwa 07:00. Ni saa saba?

Hapana! Ni saa moja asubuhi. Tiketi za treni na za boti huandikwa kwa saa za Kizungu, na sisi tunasoma kwa saa zetu. 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. 12:30 ni saa sita na nusu mchana. 16:00 ni saa kumi jioni. Nimeona mama mmoja mtu mzima anafika bandarini saa sita unusu, amepoa kabisa, anasema boti yake ni ya saa saba mchana, na karatasi mkononi imeandikwa 07:00. Kijana aliyemkatia alimtumia picha ya tiketi bila kumsomea.

Ukimkatia mzazi tiketi, mpigie umwambie kwa maneno: "Mama, boti ni saa moja asubuhi, jua linachomoza." Usimtumie picha peke yake.

Treni yangu ni ya usiku wa manane. Tarehe ya tiketi isomeke vipi?

Baada ya saa 6 usiku tarehe imeshabadilika. Treni ya saa 9 usiku iliyoandikwa Jumamosi ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani unatoka nyumbani Ijumaa usiku. Na watu wa pwani tuongeze uangalifu, maana kwetu siku huanza jua likizama: ukimwambia bibi "usiku wa Ijumaa" anaweza kuelewa Alhamisi jioni. Tumia neno "kuamkia" na kila mtu ataelewa.

## Tiketi na vitambulisho

Nikate kipi kwanza, treni au boti?

Treni. Siti za SGR huisha mapema kuliko za boti, hasa Ijumaa na Jumapili. Ukishakuwa na treni mkononi ndipo uchague boti kwa hesabu ya masaa matatu. Wanaoanza na boti hujikuta treni iliyobaki inafika dakika 50 kabla, halafu wanaanza kuomba dua.

Ukikata kwa simu, unapewa kumbukumbu namba ya malipo ambayo ina muda wake. Usipolipa ndani ya muda huo, siti inarudi kwa wengine na hakuna atakayekupigia kukukumbusha. Lipa, subiri ujumbe, kisha ufungue tiketi yenyewe uangalie jina, tarehe na stesheni unayopandia.

Kuna tiketi moja ya treni na boti pamoja?

Kila kimoja hukatwa kivyake, na maana yake ni kwamba kila kimoja hakimjui mwenzake. Treni ikichelewa, boti haina sababu ya kukungoja.

Nahitaji kitambulisho gani?

Cha NIDA ndicho kisicho na maswali. Kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva na pasipoti hutumika pia. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho: kama kitambulisho kinasema Mwanahamisi, usikatiwe tiketi ya "Mwana". Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake.

Wako wanaolalamika kwamba majina ni usumbufu. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar kwenda Unguja. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa imezama njia ya Pemba ikiwa imezidisha watu. Familia zilikaa siku nyingi hazijui kama mtu wao alikuwamo au hakuwamo. Ukiulizwa jina lako kamili, litaje vizuri na namba ya simu ya nyumbani iwe sahihi.

Kuna vijana nje ya bandari wananiuzia tiketi. Ninunue?

Usinunue. Ingia ndani ya ofisi ya boti, dirishani, ulipe, upewe risiti. Anayekuambia "ofisi imefungwa, njoo huku" mpite. Anaweza kukuuzia tiketi ya bei ya mgeni, ya boti ya polepole, au ya tarehe nyingine. Ukifika Malindi pia kuna mapapasi, vijana wanaowavizia wageni. Salimia, shukuru, endelea kutembea.

## Kutoka stesheni hadi bandarini

Nimwambie nini dereva wa bodaboda au bajaji?

Sema "boti za Zanzibar". Usiseme "feri".

Hili ndilo kosa la wageni wa jiji ninalolisikia zaidi kuliko yote. Kwa mtu wa Dar, Feri ni Magogoni: soko la samaki na kivuko cha kwenda Kigamboni. Ukimwambia bodaboda "nipeleke feri", atakupeleka kwa uaminifu kabisa mbele ya mapipa ya dagaa na foleni ya magari ya Kigamboni. Huko hakuna boti ya Zanzibar. Ni mbele zaidi kuliko unakotakiwa, na kurudi ni dakika unazozihitaji. Ukisema "boti za Zanzibar, pale Kanisa la Mtakatifu Yosefu", hakuna anayekosea.

Patana bei kabla ya kukaa. Ukiona anataja bei ya kwenda Mwenge, kumbuka unaweza kutembea.

Nina mizigo mingi. Nitembee au nipande?

Panda. Jua la Dar saa sita mchana likikupiga na gunia la karanga begani, robo saa inakuwa nusu saa. Wachukuzi wapo stesheni na bandarini. Patana nao kwanza, na mzigo uwe mbele ya macho yako muda wote. Kwenye treni na boti mizigo inayozidi kiwango hupimwa na kulipiwa, na kupima kunakula muda, kwa hiyo mwenye mabegi matatu aongeze nusu saa kwenye hesabu yangu.

Zabibu za Dodoma, ambazo ukweni kwangu huziulizia kabla hawajaniuliza hali, ziweke kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, uishike mwenyewe. Kwenye mfuko wa plastiki zitafika juisi.

Nasafiri na mzee au mgonjwa.

Mtangulize mtu mmoja mwenye miguu myepesi aende bandarini kushughulikia foleni, wewe ubaki na mzee mwendo wake. Stesheni ina lifti, iulizie kabla ya kumwelekeza kwenye ngazi. Bandarini waeleze walinzi mapema kuwa una mzee asiyeweza kusimama muda mrefu. Mara nyingi humpitisha kwanza. Kwenye boti ingia chini katikati, asipandishwe juu.

Kwa mgonjwa anayekwenda au kutoka hospitali, mimi nashauri alale Dar usiku mmoja. Masaa sita ya safari pamoja na hekaheka za katikati ni mengi kwa mwili uliochoka.

## Bahari

Boti hutikisika sana?

Inategemea msimu. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, na hapo mkondo huwa na mawimbi makubwa. Kwenda Unguja unakuwa umeupa upepo mgongo, kwa hiyo afadhali; kurudi Dar ndiko unakokabiliana nao uso kwa uso. Wengi huzoea safari ya kwenda wakadhani ya kurudi itakuwa hivyo hivyo. Kati ya misimu, mwishoni mwa mwaka hasa, bahari huweza kulala kama sahani.

Mwenye tumbo jepesi ale kidogo kwenye treni, asishinde na njaa wala asijaze chipsi mayai. Dawa ya kichefuchefu inunuliwe duka la dawa na kumezwa kabla ya kupanda, maana boti ikishaanza kuruka haikai tumboni. Siti ya nyuma, chini, karibu na katikati ndiyo tulivu. Wahudumu hupitisha mifuko. Ichukue hata kama unajiamini.

Boti zikizuiwa kwa hali ya hewa, nitajuaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa tahadhari siku moja au mbili kabla, ikitaja mawimbi na upepo kwa mikoa. Ukiona Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba zimetajwa, piga simu kwenye kampuni ya boti kabla hujatoka Dodoma. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Siku kama hizo treni inaweza kutembea vizuri tu na kukufikisha kwenye mlango uliofungwa.

Usimlaumu nahodha anayekataa kutoka.

## Mambo yakiharibika

Treni imesimama porini na boti yangu ni baada ya masaa mawili. Nifanye nini?

Piga simu kampuni ya boti ukiwa bado ndani ya treni, uwaambie jina na namba ya tiketi, uulize kama wanaweza kukuhamishia boti inayofuata. Anayeuliza kabla ya boti kuondoka husikilizwa kuliko anayekuja baadaye na hasira. Masharti ya kubadilisha yameandikwa kwenye tiketi. Yasome siku ya kununua. Piga picha ya tangazo la kuchelewa au uhifadhi ujumbe wa treni.

Mpigie pia anayekungoja Malindi. Watu wa Unguja wanakaa pale kwenye jua na gari wakihesabu vichwa vinavyoshuka.

Nimeikosa ya mwisho. Nilale wapi?

Kisutu, Posta na Kariakoo kuna nyumba za wageni za kila bei, na zote ni karibu na bandari. Usirudi kwa ndugu wa Mbagala au Tegeta kama unataka boti ya saa 1 asubuhi. Foleni ya alfajiri haina huruma. Kwanza kabisa, kabla ya kutafuta kitanda, kata au badilisha tiketi ya kesho.

Na kurudi? Kutoka Unguja nipande treni ya jioni?

Hesabu ni ileile ikigeuzwa, ila upande huu treni ndiyo haikungoji. TRC huwataka abiria wafike stesheni masaa mawili kabla, na mlango hufungwa. Kwa treni ya jioni, chukua boti ya saa 3:30 asubuhi. Ya saa 6:30 mchana inakufikisha Dar alasiri, na wakati wa kusi inaweza kuchelewa. Mizigo iliyowekwa chini ya boti hutoka polepole, kwa hiyo begi lako lishike mwenyewe. Fika Malindi mapema, waambie hamali unaharaka.

## Hali zisizo za kawaida

Sikukuu je? Idd, Mapinduzi, Krismasi?

Kata tiketi mapema kadiri mfumo unavyoruhusu. Idd ina ugumu wake kwa kuwa inategemea mwezi kuandama: kila mtu anataka kuvuka siku ile ile, na haijulikani kama ni kesho au keshokutwa. Mimi huvuka siku tatu kabla, nikafungulia huko. Tarehe 12 Januari, Mapinduzi, na wiki ya tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari boti pia hujaa.

Mwezi wa Ramadhani, asiyefunga ale kwenye treni. Unguja mchana migahawa mingi hufungwa, na kula barabarani si adabu.

Natoka Tabora, Mwanza au Kigoma kwa treni ya zamani. Nipange boti siku ya kufika?

Hapana. Hiyo reli ni ndefu na kuchelewa kwake huhesabiwa kwa masaa mengi. Shuka Dodoma, pumzika, endelea na SGR kesho yake, ukikumbuka kwamba hizo ni stesheni mbili tofauti na lazima utoke moja uende nyingine. Au lala Dar usiku mmoja. Ukifuata njia ya kinyume, yaani treni hadi Mwanza ili upande meli ya usiku kwenda Bukoba, kanuni ni hiyohiyo: uwe Mwanza siku moja kabla.

Naenda Pemba.

Lala Unguja. Safari za Pemba hazipo nyingi kama za Unguja na siku zake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Panga kwanza boti ya Pemba, kisha rudi nyuma upange ya Unguja, kisha treni. Ni kinyume cha nilivyoshauri kwenye swali la kipi kikatwe kwanza, kwa sababu hapa kilicho adimu ni boti.

Ninaye mgeni kutoka nje ya nchi.

Pasipoti aishike mkononi. Malindi kuna uhamiaji. Tangu Oktoba 2024, wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Aikate mtandaoni akiwa bado Dodoma, awe na uthibitisho kwenye simu. Kuikatia mlangoni huku watu 300 wakisukumana nyuma yake si jambo la kumtakia mgeni.

Nataka kupanda meli ya kitalii Mombasa, natokea Nairobi kwa Madaraka Express. Hesabu zako zinafaa?

Hazifai, ongeza sana. Stesheni ya Mombasa ipo Miritini, bara, na bandari ya Kilindini ipo kisiwani. Kati yake kuna kilomita kadhaa za barabara ambayo malori ya makontena huiziba. Treni ya asubuhi inayosimama Mtito Andei, Voi na kwingineko huchukua kama masaa sita, na hata kule Nairobi stesheni ipo Syokimau, nje ya mji.

Boti ya Zanzibar ukiikosa, kuna nyingine baada ya masaa machache. Meli ya kitalii ikiondoka imeondoka. Bandari inayofuata huenda ikawa Unguja au Shelisheli. Nenda Mombasa siku moja kabla, ulale kisiwani au Nyali, asubuhi uingie bandarini ukiwa umeoga na umekula.